Moto Ndani ya Milimita 15.5

Kosa lilikuwa la ganda, si la prosesa. Julai 2018 Apple ilitoa MacBook Pro ya inchi 15 yenye Core i9-8950HK, prosesa ya viini sita iliyoandikiwa kasi ya msingi ya gigahezi 2.9 na kilele cha 4.8, na kuitia katika umbo lile lile la 2016 lenye unene wa milimita 15.5. Umbo hilo lilichorwa kwa prosesa za viini vinne. Viini viliongezeka kwa nusu. Njia ya joto kutokea ikabaki karibu vile vile.

Yaliyofuata yanajulikana. Siku chache baada ya uzinduzi, mkaguzi wa Kanada Dave Lee alionyesha kwenye YouTube mashine hiyo ikitoa video katika Premiere Pro. Kasi ilishuka hadi karibu gigahezi 2.2, chini ya kasi ya msingi yenyewe, na kazi ikachukua muda mrefu kuliko kwenye i7 ya mwaka uliotangulia. Akaiweka ndani ya friza, na kazi iliyokuwa imechukua takriban dakika 39 ikaisha kwa 27. Tarehe 24 Julai Apple ilitoa sasisho la macOS 10.13.6, ikasema ufunguo mmoja wa kidijitali ulikosekana katika programu inayosimamia joto, ikaomba radhi.

Maelezo ya ufunguo yalikuwa ya kweli, lakini yalifunika nusu tu ya jambo. Bila ufunguo huo mashine ilikuwa ikipanda kasi, ikichemka, ikijibana, ikipoa, kisha ikianza upya. Baada ya sasisho kasi ilitulia karibu gigahezi 3, na hapo ndipo penye hoja: gigahezi 3 ni kasi ya msingi na nyongeza ndogo juu yake. Mnunuzi aliyelipia i9 kwa ajili ya 4.8 alikionja kilele hicho mwanzoni mwa kazi, kabla chuma hakijapata moto, halafu akabaki na mashine isiyoiacha mbali i7 ya bei ya chini iliyouzwa kando yake. Wati 45 zinazotajwa na Intel ni za kasi ya msingi. Viini vyote sita vikipanda kasi kwa pamoja hudai wati nyingi kuliko hizo, na kila wati inayoingia kwenye prosesa hutoka ikiwa joto. Mhandisi anayelijua hilo hupanua njia ya joto, au haandiki kwenye boksi kilele asichoweza kukidumisha. Apple haikufanya hata moja.

Na halikuwa deni la kwanza la ganda hilo. Ili kushuka kutoka milimita 18 hadi 15.5 mwaka 2016, kampuni iliingiza kibodi ya kipepeo, ambayo chembe ndogo ya vumbi ilitosha kukwamisha herufi. Juni 2018, mwezi mmoja tu kabla ya i9, ililazimika kutangaza mpango wa kuzitengeneza bure. Memori ilikuwa imechomelewa kwenye bodi, betri imegundishwa kwa gundi. Kompyuta inayoshindwa na chembe ya vumbi haikuchorwa kwa kumfikiria mtu wa Gilgil, katika Bonde la Ufa la Kenya, mwezi Februari.

Kulinganisha ni rahisi, kwa kuwa mashine za zamani bado zinafanya kazi. ThinkPad T420 ya 2011 ilikuwa nene maradufu na prosesa yake ya kawaida ilikuwa ya wati 35: kazi ndogo, nafasi kubwa. EliteBook 8460p ya mwaka huo huo ilikuwa na mfuniko wa chini uliofunguka kwa lachi, bila bisibisi. Wahandisi wa enzi hiyo walijua kwamba kipakatalishi kitafunguliwa na fundi asiye na vifaa vya kiwandani, wakamwachia mlango.

Safari ya joto ndani ya kipakatalishi ni fupi. Kutoka kwenye prosesa hupita katika pesti ya joto, likaingia kwenye bomba la shaba, likafika kwenye mapezi membamba, na feni ikalisukuma nje. Ndani ya bomba mna maji kidogo yaliyofungiwa kwenye shinikizo dogo. Huchemka upande wa prosesa, mvuke ukakimbilia upande wa mapezi, ukageuka maji na kurudi. Kwa kuwa limezibwa, bomba halijui liko Mombasa au Molo.

Feni inajua. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapo ni karibu asilimia 80 ya lile la pwani, ndiyo maana chai huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile hupitisha ujazo ule ule wa hewa, lakini hewa yenyewe ni pungufu kwa karibu moja ya tano, na uwezo wake wa kubeba joto hupungua kwa kadiri hiyo. Prosesa ambayo pwani ingepanda nyuzi 60 juu ya joto la chumba inaweza kuongeza 6 hadi 10 mjini Nakuru, na zaidi kidogo Njoro, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton huiachia mashine ifanye kazi usiku kucha. Sekta ya vituo vya data inalitambua jambo hili: mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa upoezaji, hupunguza joto la juu linaloruhusiwa kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 kuanzia mita 900.

Hata hivyo mwinuko si wa kulaumiwa sana. Mchana wa Nakuru hukaa takriban nyuzi 25 hadi 28, wakati Mombasa msimu wa kaskazi hupita 30 bila shida, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachopotea kwa wepesi wa hewa hurudishwa na ubaridi wake. Anayepata hasara ya kweli katika Bonde la Ufa ni mtu wa Marigat. Yuko kwenye mita 1,000 na kitu, hewa imekwisha kuanza kuwa nyepesi, na joto la mchana hupita 30.

Adui wa ukanda huu ni vumbi. Udongo wa bondeni umetokana kwa sehemu kubwa na majivu ya volkano, laini kiasi cha kupita kwenye wavu wowote wa kipakatalishi. Waliotazama magari ya Safari Rally yakizama kwenye vumbi la Naivasha wanaufahamu. Karibu na Elementaita, kule Kariandusi, huchimbwa diatomaiti, unga ambao viwanda huutumia kuzuia joto lisipite. Hata vumbi la kawaida la nyumbani, likichanganyika na nyuzi za nguo, hujishindilia kati ya feni na mapezi. Feni husikika ikivuma kwa nguvu zote na hewa haitoki. Programu ya kupima joto haiwezi kumwonyesha mtu uchafu huo; mfuniko ukifunguliwa huonekana mara moja. Kusafisha ni kazi ndogo: feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza, na pesti iliyokauka ibadilishwe.

Je, kipakatalishi kinachogonga nyuzi 95 kikifanya kazi nzito kinatia wasiwasi? Kwa chenyewe, hapana. Kikomo cha i9 hiyo ni nyuzi 100, na prosesa ikikikaribia hujipunguza kasi. Ikiendelea kupanda hujizima kabla ya kuungua. Anayehariri video ya harusi na kuona 92 hana hasara isipokuwa dakika. Wasiwasi uanze pale joto linapofika 80 mashine ikiwa haina kazi, inapozimika ghafla, au inapoanza kuwa nzito kwa kazi iliyokuwa ikiimudu mwaka jana. Betri ndiyo dhaifu zaidi kuliko vyote. Kuchajiwa juu ya nyuzi 45 kunaizeesha haraka, na padi ya kipanya ikianza kuinuka, betri imevimba: chaja ichomolewe, mashine ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Kuikalisha kitandani juu ya blanketi huziba matundu ya chini. Kuihamishia mezani ni dawa isiyo na gharama. Friza si dawa kabisa, kwa sababu mashine baridi ikitolewa kwenye hewa ya kawaida hutokwa jasho ndani, na maji hayo huishia kwenye bodi.

Apple yenyewe ilitoa hukumu Novemba 2019. MacBook Pro ya inchi 16 ilinenepa hadi milimita 16.2, kipoza joto kikakuzwa kwa asilimia 35, mtiririko wa hewa ukaongezwa kwa 28, na mashine ikaweza kubeba wati 12 zaidi kwa muda mrefu. Kibodi ya kipepeo iliondolewa. Mwaka uliofuata prosesa yake ya M1 ilikuja kwenye MacBook Air isiyo na feni kabisa, kazi safi.

Mashine za 2018 bado zinauzwa kama mitumba, na lebo ya i9 huongeza bei. Anayezitafuta kwenye maduka ya Kenyatta Avenue mjini Nakuru achukue i7 ya mwaka huo huo, aombe ifunguliwe mbele yake, na pesa zitakazobaki azitenge kwa betri mpya.