Kuijua Kazi Njema ya Kiyoyozi Ukutani

Mtu aliyenunua kiyoyozi aghalabu huwaza ubaridi peke yake, na siku ya kukifunga husimama katikati ya chumba, akainua mkono kuutafuta upepo, akaupata, akaridhika, akamlipa fundi. Walakini ubaridi ni shahidi dhaifu, kwa kuwa hata kiyoyozi kilichofungwa ovyo hupoza siku ya kwanza. Shahidi wa kutegemewa ni maji. Willis Carrier, mhandisi wa Marekani aliyesanifu mtambo wa kwanza wa namna hii mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, hakuitwa kuwaondolea watu joto. Aliitwa kwa sababu unyevu wa hewa ulikuwa ukizitanua karatasi hata rangi zikawa hazitui mahali pake, naye akatakiwa autawale unyevu huo. Kazi hiyo kiyoyozi hakijaiacha. Katika mwambao wetu, ambako hewa yenyewe ni nusu bahari, koili baridi iliyo ndani ya chombo huikamua hewa mchana na usiku, na maji yapatikanayo kwa siku moja yaweza kujaza ndoo. Fundi asipoyatengenezea njia, yatajitafutia.

Hukumu na ianze kabla ukuta haujatobolewa. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu, vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulikadiriwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki sana mita 3. Na fundi asiyeutafakari ujenzi huo hukitundika chombo katika ukuta mrefu, upepo wake ukaugonga ukuta wa pili na kurejea papo hapo, chombo kikahisi kwamba chumba kimekwisha kupoa, na walioketi mwishoni mwa chumba wakabaki na joto lao. Mjuzi huchagua ukuta mfupi, upepo upate kusafiri kwa urefu wa chumba. Dari ikiwa juu sana, hapandi nayo. Hukiweka chombo kiasi cha mita 2 na nusu kutoka sakafuni, maana wanaohitaji kupozwa ni watu, si boriti. Dari ikiwa fupi, huacha nafasi ya shubiri moja juu ya chombo, kwani hewa huvutwa kwa juu na kutolewa kwa chini. Na penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hapatobolewi kabisa. Nakshi ya chokaa iliyochongwa kwa mkono haina badala.

Ukuta wa matumbawe na chokaa una tabia yake. Fisha fupi za kushikia skrubu, zitoshazo katika tofali la saruji, hulegea humo kama jino la mtoto. Nimemwona fundi hodari akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sikio lake karibu, akitafuta palipo na jiwe na kupaepuka palipo na chokaa tupu, ndipo akaweka alama za sahani ya chuma itakayobeba chombo, akailaza pimamaji juu yake, akaitazama mara tatu. Sahani ikisha kukazwa, ishike kwa mikono miwili uivute. Ikitikisika hata kidogo, usikubali chombo kitundikwe.

Sasa litazame tundu, maana hapo ndipo fundi hujulikana. Mdomo wake wa nje sharti uwe chini kuliko wa ndani, na katika ukuta wenye unene wa nusu mita tofauti ya sentimita moja yatosha. Ndani yake bomba la maji, ambalo mafundi huliita dreni, lilale chini ya mabomba ya kopa, wala lisipande popote, wala ncha yake isizamishwe katika maji. Kopa zote mbili huwa baridi, kwa hiyo kila moja hufunikwa kwa sponji yake, hata penye maungio. Kisha tundu lizibwe pande zote, kwa kuwa hewa ya nje ikipenyeza nyuma ya chombo hukutana na ubaridi, ikatoa jasho, na plasta ikaanza kuvimba hali dreni haina kosa lolote.

Yako maji mengine yasiyoonekana, nayo ni unyevu uliobaki ndani ya kopa zenyewe. Huo hauondoki ila kwa pampu ya kufyonza hewa, na fundi mwenye haraka huiruka kazi hii, akaisukuma hewa nje kwa gesi kidogo, asijali kwamba unyevu uliosalia huharibu mafuta ya mashine na kuzaa tindikali. Iache pampu ingurume nusu saa. Ikizimwa, mshale wa geji ukae pale pale uliposhukia. Ukipanda, pana mahali panapovuja, au unyevu haujaisha.

Katika nyumba ya marehemu shangazi yangu, huko Mkunazini, fundi mmoja alifunga kiyoyozi kilichopendeza mno machoni, mifereji imenyooka, rangi haikuchubuka, na sote tukamsifu. Mwezi wa tatu ukuta ulifanya doa la kimanjano, kisha maji yakaanza kudondoka juu ya kitanda cha mgonjwa. Dreni ilikuwa imepanda kidogo ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki, na maji yalikuwa yakituama humo siku zote hizo. Nilihuzunika kwa ajili ya mgonjwa huyo, na kwa ajili ya sifa tulizozitoa bila maarifa.

Mzee aliyeitwa kuirekebisha kazi ile alilitoboa tundu upya, akaukamilisha ufungaji wote, lakini kifuniko hakukirudisha. “Mwanangu,” akaniambia, “niletee bilauri ya maji.” Akayamimina taratibu katika kisahani kilicho chini ya koili, akaniashiria tutoke uani. Akasimama chini ya bomba, midomo ikihesabu kimyakimya. Kabla hajafika ishirini tone la kwanza likaanguka, ukafuata mkondo mwembamba mpaka maji yote yakatoka; naye akarudi ndani kukifunga kifuniko.