Fundi Asiyebahatisha

JAVA_HOME haijawekwa sawasawa. Maven hutoa ujumbe huo kwa Kiingereza kwenye terminali ya Linux, kisha hunyamaza. Java umeisakinisha, umeiona ikijibu, na bado Maven, zana ya kujengea programu, inakataa. Hapo wengi hukimbilia kufuta kila kitu na kuanza upya. Fundi kijana wa Kasulu ninayemsifu hapa hafanyi hivyo. Ustadi wake uko kwenye mpangilio wa maswali.

Kwanza huiuliza Maven yenyewe, mvn -version. Haridhiki na java -version, kwa sababu amri hizo mbili zaweza kutoa majibu tofauti kwenye mashine ileile. Ukiandika java, Linux hupitia folda zilizotajwa kwenye PATH moja baada ya nyingine, kama mgeni abishaye hodi nyumba kwa nyumba, na huingia kwa wa kwanza kumwitikia. Maven hutazama kwanza JAVA_HOME, kigezo kinachotaja folda ya Java. PATH huigeukia tu JAVA_HOME inapokuwa tupu. Ndiyo maana terminali yaweza kusema Java 17 huku Maven ikitumia Java 8, iliyoachwa na aliyeitumia mashine hiyo zamani.

Maven ikikataa hata kujibu, huhamia kwenye njia ya kufikia Java. Katika Ubuntu, amri ya java ni kiungo kinachoelekeza kwenye kiungo kingine, basi huandika readlink -f $(which java) apate makao yake halisi, mathalani /usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64/bin/java. Kisha huondoa /bin/java mwishoni, na kinachobaki ndicho hukiweka kwenye JAVA_HOME. Ukiiacha bin ndani ya JAVA_HOME, Maven itatafuta bin nyingine ndani ya hiyo bin, na haitaipata. Ni herufi chache tu. Huzisoma mojamoja, kidole kikiwa kwenye skrini, na kwangu huo ni uzuri wa kazi.

Yapo makosa mengine. Mashine yaweza kuwa na Java ya kuendeshea programu tu, bila kompaila. Hapo Maven huanza vizuri na kukwama inapofika kwenye msimbo. Amri ya export ya kuweka JAVA_HOME, iliyoandikwa kwenye terminali, hupotea terminali inapofungwa, ndiyo maana huiweka kwenye ~/.bashrc au ~/.profile. Na sudo huacha nyuma sehemu kubwa ya mazingira ya mtumiaji, hivyo kinachokubali kwako hukataa kwa root.

Huku nyanda za juu za Kigoma subira hiyo ina bei. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa jenereta za dizeli, na intaneti ya wengi ni bando la simu. Maven huhifadhi kila maktaba iliyopakua ndani ya ~/.m2. Ushauri wa kufuta folda hiyo ni mwepesi kwa mwenye intaneti isiyopimwa. Kwa aliye Kibondo, maana yake ni kununua bando upya ili kupakua vitu ulivyokuwa navyo, wakati kosa lilikuwa mstari mmoja kwenye ~/.bashrc. Fundi wangu haigusi. Maktaba zikiwa tayari zimo, hujenga kwa mvn -o, bila mtandao kabisa.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. DHIS2, ambamo takwimu za zahanati na vituo vya afya vya Tanzania hukusanywa, imeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa wenye mizizi yake Eldoret nchini Kenya, vivyo hivyo. Anayetaka kuirekebisha mifumo hiyo hapa hapa, badala ya kuitumia tu, lazima aupite mlango huu.

Kijana unayeanza, uwe Kasulu au Kibondo: kabla hujafuta chochote, andika mvn -version, na usome mistari yote hadi wa mwisho.