Usawiri wa Mpiga Kura katika Filamu ya Softie
Filamu ya Softie (2020), iliyoongozwa na Sam Soko, inamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi akigombea ubunge wa Starehe, Nairobi, mwaka 2017 bila kuwahonga wapiga kura. Ni rahisi kuisoma kama tanzia ya mwadilifu aliyeshindwa, hasa kwa kuwa kiti hicho kilitwaliwa na mwanamuziki Jaguar. Usomaji huo hautoshi. Mgogoro mzito zaidi umo nyumbani, ambako Njeri, mkewe Mwangi, anahoji iwapo nchi yafaa kutangulizwa mbele ya familia. Vitisho vinapomlazimu kwenda Marekani na watoto, hoja yake inazidi kupata uzito. Tungethubutu hata kudai kuwa yeye ndiye mhusika mkuu.

Kasoro ya filamu, kwa maoni yetu, ni usawiri wa mpiga kura. Yule anayemwomba mgombea “kitu kidogo” hupita haraka. Hatufiki kwake, wala hatujui siku hiyo alishindaje. Njeri amepewa hoja, mpiga kura akapewa kiganja tu. Kwa hivyo msimamo wa Mwangi unakosa kujibizwa na yuleyule aliyehitaji kushawishiwa.