Wapelelezi wa Banda la Chai

Lori la chai likichelewa, Mwalimu alikuwa anafungua kitabu.

Kituo chetu cha kununulia chai, upande wa Litein ukishukia Bomet, kilikuwa banda la mabati, meza za kutandazia majani, na mzani uliotundikwa kwenye boriti. Mvua ya huku huanguka alasiri, mara nyingi na mawe yake, na barabara ikishalowa lori la kiwandani hukwama huko huko liliko mpaka saa mbili au tatu za usiku. Mkulima haondoki, maana majani yasiyopimwa hayana mwenyewe. Karani aliwasha karabai, kina mama wakajifunika magunia mabegani, na Mwalimu, ambaye naye alikuwa na vishina vyake mia kadhaa, akachomoa kwenye koti kitabu kisicho na jalada. Hivyo ndivyo mpelelezi Bwana Msa alivyofika kwetu kutoka Unguja, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni.

Mwalimu hakusoma kama asomavyo mtu darasani. Maneno ya wahusika aliyaacha katika Kiswahili chao cha pwani, kwa sababu alipenda mlio wake, halafu akageukia Kikipsigis kueleza nani amesimama wapi, mlango uko upande gani, saa ilikuwa ngapi. Mambo hayo ya mlango na saa aliyarudia mara mbili, polepole, kama anayehesabu noti. Mandhari aliiruka. Na hakumaliza sura hata siku moja. Palipobaki kidogo tu jina litajwe, alifunga kitabu akauliza, "Haya, ni nani?"

Hapo banda lilichemka. Vijana walimtaja yule mbaya aliyeonekana mbaya tangu ukurasa wa kwanza. Makogo, yaani bibi zetu, walinyamaza kwanza. Kisha mmoja angesema, bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu chake, "Yule wa pili amejibu haraka mno." Au, "Mbona hakuuliza marehemu amekufaje?" Mara nyingi walikuwa sawa, na Mwalimu alikasirika kidogo, kwa sababu aliyesoma kitabu chote ni yeye.

Ujuzi huo hawakuupata vitabuni, waliupata kwenye mzani. Katika banda la chai kila mtu anajua vishina vya kila mtu. Mwenye vishina mia tatu akileta kilo sitini, hakuna anayesema neno. Karani anaandika, gunia linashushwa, lakini macho yameshahama kwenda kwa yule mjane aliyelalamika Jumatatu kwamba safu zake za kando ya mto zimechumwa usiku. Hakuna polisi aliyeitwa. Kesi imeanza hapo, na itaendelea kwa wiki kadhaa, kwa salamu zilizofupishwa na viti vilivyosogezwa kanisani. Watu wa namna hiyo hufundishwa nini na mpelelezi?

Kitabu kilipokwisha, na muuaji kujulikana, hawakuuliza zaidi habari za muuaji. Waliuliza: "Atarudi lini?" Walimaanisha Bwana Msa. Mwalimu akasema kipo kingine.

Nataka kuisifu kazi hiyo ya kumrudisha mtu. Tumezoea kumsifu mwandishi kwa kitabu kimoja kikubwa, kilichobeba taifa zima mgongoni. Mwandishi wa mfululizo, anayekaa na mpelelezi mmoja na mtaa mmoja kitabu baada ya kitabu, tunamwona mchuuzi wa burudani. Wasifu wa Muhammed Said Abdulla, aliyemtunga Bwana Msa, hauonyeshi mchuuzi. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akaanza kazi kama mkaguzi wa afya, mtu wa kuingia nyua za wengine na kutazama visima na vyoo vyao, kisha akahamia kwenye magazeti. Tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo la Zanzibar. Kwa maneno mengine, aliyetuletea upelelezi katika riwaya ya Kiswahili aliishi miaka kumi katikati ya habari za mbegu na mavuno. Sishangai kwamba makogo wetu walimwelewa.

Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapishwa 1960. Ikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, mpaka kufikia Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Ni miaka ishirini na minne na mtu yule yule. Tazama jina la hicho cha mwisho. Mwandishi wa kitabu kimoja hawezi kuandika jina la namna hiyo likakushtua, kwa sababu hujamjua huyo Bwana Msa ni nani hata kosa lake likuume. Lazima kwanza umwone akipatia, kitabu baada ya kitabu, umzoee, uanze kumwegemea. Jina lile lilikuwa deni lililoanza kuwekwa mwaka 1960.

Najua watu watanitajia wengine. Elvis Musiba alikuwa na Willy Gamba, Ben Mtobwa akawa na Joram Kiango, na mabasi ya Afrika Mashariki yaliwasoma sana. Mimi pia niliwasoma, tena usiku kucha. Lakini wale ni watu wa bastola na viwanja vya ndege. Willy Gamba hana jirani. Upelelezi ninaousema hapa ni ule wa utulivu, ambapo maiti haianikwi mbele ya msomaji, damu haimwagiki kwenye kila sura, na siri hufumbuliwa na mtu wa kawaida anayejua nani hukopa sukari kwa nani. Waingereza waliufanya kiwanda. Miss Marple wa Agatha Christie, kikongwe mfuma sweta aliyeingia katika riwaya mwaka 1930, hakuwa na silaha yoyote zaidi ya kukaa kijiji kimoja miaka na miaka. Na tangu 1998 Alexander McCall Smith amemweka Mma Ramotswe mjini Gaborone, vitabu zaidi ya ishirini sasa, mama wa Kitswana anayefikiri huku akinywa chai nyekundu ya rooibos. Hilo huniuma kila nikilikumbuka. Mpelelezi mnywaji chai mashuhuri kuliko wote barani anatoka nchi isiyolima chai, na anakunywa kitu ambacho si chai. Kericho, iliyopandwa chai na kampuni ya Brooke Bond tangu 1924, haina wake.

Akija mgeni kutuandikia, naogopa najua atakakomuua mtu wake: Tea Hotel, ile hoteli ya Brooke Bond ya miaka ya 1950, penye veranda na bustani ikitazama kijani mpaka upeo wa macho. Sumu itakuwa kwenye kikombe. Ni mahali pazuri pa kufia, simnyimi. Lakini siri zetu haziko verandani.

Fikiria kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Kila mama huku husugua sotet yake, yaani kibuyu hicho, kwa mkaa wa mti wa senetwet, na hakuna wawili wanaosugua sawa. Mmoja huchoma kijiti mpaka kiwe cheusi tii, mwingine hukiwahi, mwingine huchanganya na mti wa kwao alikozaliwa na hatakuambia ni upi. Mama mzima, aliyekula nyumba nyingi, akionja maziwa gizani anaweza kukuambia yametoka boma gani. Basi mgonjwa akutwe na kibuyu kitandani, watu wote waape hawakumtembelea, na aje kogo mmoja aonje tone kwenye ncha ya kidole. Hakuna maabara itakayomshinda, na hakuna mwandishi wa mbali atakayeibuni dalili hiyo. Imekaa hapa, miaka yote, inamsubiri fundi.

Na fundi huyo angehitaji zaidi ya kitabu kimoja, kwa sababu ambayo watu wa huku hatupendi kuitamka. Hadithi ya upelelezi iliyo peke yake huisha muuaji akifungwa pingu. Kijiji hakiishi hapo. Wiki inayofuata mama wa muuaji anakuja bandani na kikapu chake, na mama wa marehemu yuko mbele yake kwenye foleni. Nani atamsaidia kutua? Karani atasema nini akisoma jina la ukoo ule kwa sauti? Ni mfululizo pekee unaoweza kulisimulia hilo, kwa kuwa mwandishi wake amejifunga kurudi kwenye foleni ile ile katika kitabu cha pili. Mwanzoni mwa 2008 palichomwa nyumba katika nchi hii ya chai, na watu waliofanya kazi mashambani miaka mingi wakafukuzwa kwa sababu ya kabila. Baadhi walirudi. Wapo wanaosalimiana leo kwenye mzani, kila mmoja akijua mwenzake alikuwa wapi usiku ule. Tume na ripoti zilikuwepo. Riwaya yenye subira ya kukaa na watu hao miaka kumi, ikiwatazama wakinunuliana chumvi, sijaiona.

Badala yake tuna nini? Tuna vitabu vya mtihani. Riwaya ya Kiswahili nchini Kenya huchapwa ikilenga kuteuliwa, ikiteuliwa inatafunwa miaka michache, wanafunzi wanakariri maudhui na tamathali, kisha inatupwa pamoja na sare ya shule. Mhusika akishajibiwa maswali amekwisha, hakuna anayetaka kujua ameamkaje kesho yake. Na upande wa pili tuna hadithi za simu, zile za sehemu ya kumi na mbili na ya kumi na tatu, zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp na neno "itaendelea" chini yake. Sizidharau. Zinathibitisha kwamba hamu ya kumngoja mtu arudi haijafa. Ila zinaandikwa kwa pupa. Shangazi aliyezikwa sehemu ya nne anapika chapati sehemu ya tisa, na msomaji akilalamika anaambiwa asubiri uhondo. Pupa hiyo tunaijua mashambani: huku tumeona pia mashine zikinyoa chai pale palipokuwa na vidole vilivyochagua majani mawili na kichipukizi, na mwaka 2023 mashine hizo zilichomwa moto Kericho kwa hasira ya kazi iliyopotea. Mashine haiulizi jani lipi limekomaa. Kishina cha chai kinachochumwa vizuri, kila wiki moja au mbili, pale pale, bila kuvunjwa tawi, kinaweza kumpita aliyekipanda umri.

Nina rafiki, upande wa Silibwet, aliyekuwa karani wa kupima chai mpaka alipostaafu. Ameandika hadithi za mama mjane anayefumbua siri za kituo kimoja. Muswada wa kwanza aliupeleka Nairobi. Mhariri aliyempokea, mtu mpole kwa maelezo yake, alimuuliza ni wa kidato gani. Akamjibu ni wa watu. Akashauriwa aongeze suala la ufisadi na maswali ya marudio mwishoni mwa kila sura, na amwoze yule mjane ili mwisho ufungike. Alirudi nyumbani na bahasha yake, akaendelea. Sasa yuko kwenye hadithi ya nne, kwa kalamu, kwenye madaftari ya shule, na wasomaji wake ni mimi, mkewe, na dereva mmoja wa lori la kiwandani ambaye humkosoa habari za barabara.

Juzi alinipigia simu usiku, sauti imembana. Alitaka kujua yule shahidi wa hadithi ya kwanza, kikongwe mwenye mtoto wa jicho, jicho lake bovu lilikuwa lipi. Daftari lile liko kwangu. Nikawasha taa, nikatafuta, nikamwambia la kushoto. Kimya. Alikuwa ameshaandika sura nzima akiwa na hakika kwamba ni la kulia. Nikamwambia kwa nini usibadilishe pale kwanza, hakijachapwa, nani atajua? Akaniambia dereva atajua.

Kesho yake alipiga tena, safari hii kwa furaha. Sura ile ameichana. Kama jicho bovu ni la kushoto, na kikongwe alikaa akielekea mtoni, basi aliyepita upande wa mashamba hakuonekana hata kidogo, na kijana muuza mayai, ambaye alikuwa amemwandalia jela tangu daftari la pili, hana hatia.