Mikono ya Mumirwa

Divai ya zabibu husubiri. Hutiwa chupani, hufungwa kizibo, na anayechelewa miaka mitano huikuta palepale, pengine imezidi kunoga. Urwarwa hausubiri mtu. Pombe hii ya ndizi, ambayo Warundi wamekuwa wakiitengeneza vilimani tangu enzi za wafalme, ikishaiva ina siku chache tu kabla haijageuka siki. Kwa hiyo anayetaka kuijua vizuri huifuata inakotengenezwa, na kwa sisi tulioko Bujumbura, huko ni juu, Mumirwa.

Mumirwa ni ile miteremko inayousimamia mji upande wa mashariki. Sisi tumelala chini katika uwanda wa Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 775 juu ya usawa wa bahari. Ukizipita nyumba za mwisho barabara inaanza kujipinda, na ukifika Bugarama umeshavuka mita 2,000 na watoto wanaomba masweta. Katikati, kati ya joto la chini na baridi ya juu, ndipo mgomba unapojisikia nyumbani. Jumapili familia za mjini zina matembezi yao ya kawaida: viboko wa Rusizi, mchanga wa Saga, jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 1871. Nayapenda yote. Lakini siku ambayo ningetaka watoto wangu waikumbuke wakiwa watu wazima ni ile ya kwenda kutazama ndizi zikikamuliwa.

Najua kwingine familia hupanga vyakula kikapuni na kupanda treni ya kale hadi kwenye shamba la mizabibu. Nairobi ina makumbusho yake ya reli tangu 1971, Dodoma ina mizabibu na divai yake. Burundi haikuwahi kufikiwa na reli. Wajerumani waliifikisha ya kwao Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapo mzigo wa Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa, ulimaliziwa kwa meli. Reli ya kutoka Uvinza kuja Musongati ndiyo kwanza inajengwa. Kinachotupandisha sisi ni barabara, na barabara hii ina mafundi wake.

Nawasema vijana wa baiskeli. Asubuhi na mapema wanashuka na mikungu iliyofungwa nyuma na ubavuni, mzigo unaoweza kuzidi uzito wa mwendeshaji mwenyewe, huku soli ya kiatu ikiisaidia breki. Wakirudi hushika nyuma ya lori na kuvutwa hadi juu. Ni hatari kubwa, wapo waliokufa, na simwombei mtoto yeyote kazi hiyo. Hata hivyo, lori likisimama kidogo, tazama namna mzigo ulivyofungwa: mipira ya ndani ya matairi iliyochanwa kuwa kamba, mikungu imepangwa ili uzito ukae chini, kila upande ukijibu mwingine. Na wengine hawabebi mikungu hata kidogo. Wanabeba bido za njano za plastiki, na midomo yake imezibwa kwa jani la mgomba lililokunjwa. Jani halikazwi sana, kwa sababu kilichomo bado kinachemka chenyewe, na bido iliyozibwa kabisa ingepasuka njiani. Hao ndio wanatoka tunakokwenda.

Tunakwenda kwa mzee mmoja wa upande wa Isare. Kwa Warundi kukamua ndizi ni kazi ya wanaume. Wanawake wana pombe yao ya mtama, impeke, ambayo inastahili makala yake peke yake. Mzee huyu kazi aliipokea kwa baba yake, pamoja na hori la kukamulia. Ni gogo moja lililochimbwa kwa tezo, refu kuliko mtu aliyelala, na ndani limelainika kwa mikono iliyopita humo mpaka halina kibanzi. Warundi huliita umuvure. Watoto wanapomsalimu, kwanza huwaonyesha hilo, kisha shamba.

Kwa macho ya mtu wa mjini migomba yote ni mmoja. Mzee huipita mmoja mmoja na kuitenga: huu wa kupika, huu wa kula mbivu, huu wa kukamua. Zaidi ya nusu ya ndizi zinazolimwa Burundi ni za kukamua. Nyingine ni za ukoo wa kale wa nyanda za juu, kama igisahira, na nyingine zimekuja baadaye, kama Yangambi Km5, iliyochukua jina la kituo cha utafiti cha Yangambi kule Congo. Igisahira ukiipika hukausha kinywa. Ukakasi huo unatokana na tanini, na tanini ndiyo inayofanya maji ya tunda yaachane na nyama yake yanapokandwa. Ndizi ya kupika ukiikanda hivyohivyo utapata uji mzito usiotoa tone. Watu wa vilimani waliligundua hili bila maabara yoyote, wakazitunza ndizi chungu kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya utamu uliojificha ndani yake.

Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado mibichi, na hapo ndipo subira inapoanza. Shimo huchimbwa, huwashwa moto wa majani makavu ndani yake hadi udongo ushike joto, kisha majivu hutolewa na shimo hutandikwa majani mabichi ya mgomba. Ndizi hupangwa humo zikiwa zimetenganishwa vichana, hufunikwa kwa majani mengine, na juu hurudishiwa udongo. Joto huziamsha, na zenyewe hutoa ile gesi inayoivisha matunda. Kwa kuwa haina pa kutokea, kila ndizi huiivisha jirani yake. Hukaa siku tatu, nne, hata sita, kutegemea baridi ya kilima na msimu.

Hakuna saa wala kipimo kinachomwambia mzee siku ya kufukua. Hupiga magoti asubuhi, huchokonoa udongo pembeni, huingiza mkono, na kunusa. Zikitolewa mapema zina wanga ambao haujageuka sukari, na juisi itakuwa hafifu. Zikicheleweshwa, nyama yake inakuwa tope na haikubali kuachia maji. Nafasi kati ya mapema na kuchelewa ni kama siku moja hivi. Nimemwona akinusa, akafukia tena, akawaambia vijana wake waende kulima. Kulikuwa na wateja wanaosubiri. Kesho yake alifukua, na shamba zima lilinukia.

Kumenya ni kazi ya wote, na hapa ndipo watoto wa mjini wanapopata nafasi yao. Ndizi iliyoivia ardhini humenyeka kwa kuiminya tu kitakoni, ikaruka nzima kutoka kwenye ganda lake. Hori hujaa rangi ya siagi. Kisha huletwa nyasi, zile ngumu zenye kingo zinazokwaruza, zilizokatwa na kuoshwa, nao wanaume wawili au watatu huinama na kuanza.

Mikono hukunja nyasi pamoja na ndizi, hukandamiza kwa kiganja, huvuta kwao, hugeuza, hukandamiza tena, kama mama anavyoukanda unga wa chapati, ila hapa donge ni kubwa kuliko kifua cha mkandaji. Wapo wanaotumia miguu kazi ikiwa kubwa. Mzee anashikilia mikono, kwa sababu mguu, anasema, hausikii. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Donge linazidi kuwa zito, jasho linatiririka, mtoto anauliza kama imeharibika. Halafu, bila dalili, kingo za donge zinaanza kung'aa. Nyama ya ndizi imeshikwa na nyasi, tanini imefanya kazi yake, na maji ya tunda yanapata njia kati ya majani. Donge linainamishwa upande mmoja wa hori, na juisi inateremka upande wa pili, nyepesi, ya rangi ya asali changa. Haikuongezwa tone la maji. Mimi nimelitazama hili mara nyingi kiasi cha kuzijua hatua zake zote, na bado moyo unanipanda pale donge linapoanza kung'aa.

Juisi hii ndiyo umutobe. Huchujwa kwa nyasi safi zilizofungwa mdomoni mwa chombo, na ya kwanza hupewa watoto. Haina kileo chochote. Majirani zetu wa mtaa wa Buyenzi, Waislamu wasiogusa pombe, huja katika matembezi haya na hunywa umutobe pamoja nasi, na wakaondoka wameonja kile kilicho bora zaidi katika ufundi huu. Nasema bora zaidi nikiwa na hakika. Watu husifu urwarwa kwa ukali wake, lakini kila alichokifanya fundi kwa mikono yake kimekwisha kabla ya ukali huo kuzaliwa: kuchagua mgomba, kusoma shimo, kukanda. Yanayofuata ni kazi ya chachu. Ukitaka kumpima mkamuaji, omba umutobe wake. Ukiwa mzito, safi, wenye utamu usioacha ukakasi ulimini, urwarwa wa keshokutwa hautakuangusha.

Kisha linakuja jaribu la maji. Donge lililobaki bado lina utamu, na kila mkamuaji hulimwagia maji na kulikanda mara ya pili ili kupata juisi nyepesi ya kuchanganya na ile ya kwanza. Ni halali na ni desturi. Tatizo ni kiasi. Kila ndoo inayoongezwa ni fedha, na mnunuzi wa mjini hataijua hadi kesho. Wazee wetu wa pwani walishaonya juu ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji, na huenda mzee wa Isare hajawahi kuisikia methali hiyo, lakini anaiishi. Hupima kwa kuchovya kidole na kuonja, akaongeza kibuyu, akaonja, akaacha. Vijana wake wakitaka kuongeza, hunyamaza tu na kuweka kibuyu chini.

Mwisho hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kusagwa kidogo. Mtama huleta chachu, rangi, na ule mwonjo wa kuungua kwa mbali ulio katika urwarwa. Ni nafaka yenye heshima kubwa hapa. Sherehe ya wafalme ya Umuganuro ilikuwa sherehe yake. Chombo hufunikwa kwa majani na kuwekwa penye joto, na baada ya siku moja hadi tatu povu limepanda na kushuka.

Zamani urwarwa ulinywewa kwa mrija wa tete, watu wakizunguka chungu kimoja, na waliosuluhishwa na bashingantahe waliwapelekea wazee hao pombe ya shukrani. Kiwanda cha Brarudi kilianza kutengeneza bia mwaka 1955, na leo kreti zimejaa kila harusi ya mjini. Hata hivyo, siku ya kutoa mahari utakuta bado chungu na mirija mbele ya wasemaji wa pande mbili, na hotuba haziendi bila hicho.

Kinachonitia hofu kuliko bia ni mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa Burundi mwaka 2010. Wadudu huubeba kutoka ua dume la mkungu mmoja hadi jingine, na kisu cha mkulima huueneza vilevile. Ndizi za mgomba ulioshikwa huiva ovyo na kuoza ndani. Mzee anaoanisha mazoea mapya na ya kale: ua dume hulivunja mapema kwa kijiti chenye panda, kamwe si kwa kisu, na visu vyake hupitishwa motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Machipukizi hayapokei kutoka kwa mtu ambaye shamba lake hajalikagua mwenyewe.

Ukitaka kwenda na familia, nenda kiangazi, kati ya Juni na Agosti, harusi zinapokuwa nyingi na mashimo hayapoi. Muulize kwanza kijana yeyote wa bido ni kilima gani kinakamua wiki hiyo. Chukua masweta, vikombe vyako na sabuni ya kunawia kabla ya kumenya, na ufike mapema, maana ukandaji huanza kabla jua halijawa kali na umutobe wa kwanza hauchelewi kwisha.