Mlango wa Ofisi: Kijana na Mustakabali wa Elimu ya Juu katika Kichwamaji

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), imezoeleka kuhakikiwa kwa kigezo cha udhanaishi: Kazimoto hukata tamaa kwa kuwa maisha hayana maana. Usomaji huo si wa kupuuzwa. Hata hivyo, unasahau kwamba aliyekata tamaa ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwamba anachoshindwa kukiona ni mustakabali wa elimu yake.

Chuo chenyewe kimewekwa pembeni ya msuko. Msomaji anamkuta Kazimoto likizoni, akingoja kuonana na Manase, mwenzake wa zamani ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Hapo ndipo elimu inapopata sura: ni mlango wa ofisi. Kazimoto anamchukia Manase, aliyempa mimba dada yake, Rukia. Lakini katika usimulizi wake wote wa nafsi ya kwanza hana picha nyingine ya msomi ya kuweka mahali pa ile anayoichukia.

Historia inaeleza sehemu ya hali hiyo. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakafukuzwa. Kezilahabi alihitimu hapo mwaka 1970. Azimio la Musoma la mwaka 1974, mwaka uleule wa riwaya, likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kujiunga na chuo kikuu. Dola ililiona tatizo katika njia ya kuingilia chuoni. Kezilahabi analiona katika njia ya kurudi nyumbani, ambako maswali ya Kazimoto juu ya Mungu na maisha hayapati pa kutua.

Udhaifu wa riwaya umo katika hatima yake. Mtoto mwenye kichwa kikubwa ni ishara iliyokolezwa mno, na kujiua kwa Kazimoto kunalifunga suala la elimu kabla halijajadiliwa. Wanafunzi wa Kenya wanaoisoma leo, wengi wakiwa na deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa mwaka 1995, hawana hakika hata ya ofisi ile ya Manase. Kwao swali ambalo Kazimoto hakulazimika kujiuliza, yaani asomee nini ikiwa hakuna cheo kinachomngoja, linatangulia yale ya udhanaishi.