Barua ya Pongezi kwa Muuaji

Novemba 602 askari walioasi walimweka Phocas kwenye kiti cha enzi huko Konstantinopoli. Kaisari Maurice alilazimishwa kutazama wanawe wakiuawa, kisha akauawa yeye. Mwanawe wa kwanza, Theodosius, alikamatwa na kuuawa baadaye. Mwaka uliofuata Papa Gregori Mkuu alimwandikia Phocas barua ya pongezi. Inaanza kwa maneno ya wimbo wa malaika wa Noeli, na inaziita mbingu zishangilie. Haina neno la maombolezo kwa Maurice wala kwa wanawe. Na Gregori ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa Theodosius.

Barua hii husomwa kwa namna mbili. Wanaomtetea Gregori husema hakuwa na la kufanya: Walombardi walikuwa wameizunguka Roma, na askari na mishahara yao vilitoka kwa Kaisari. Mwenye nguvu mpishe. Wanaomshutumu husema alikuwa na kinyongo, kwa sababu Maurice aliwahi kumwona mjinga aliyedanganywa na maadui, na alikuwa amekataa kumzuia Patriarki wa Konstantinopoli kujiita wa ulimwengu wote. Namna zote mbili zinataka kujua kama Gregori alikuwa mtu mwema. Mimi naisoma Iringa, mji uliokua kando ya boma la jeshi la Kaisari mwingine, na swali linalonijia ni jingine: barua ya namna hii inafanya kazi gani, na inamwacha nani nje?

Tuanze na ustadi wake, maana upo. Karibu na mwisho Gregori anamkumbusha Phocas kwamba wafalme wa mataifa mengine hutawala watumwa, lakini Kaisari wa Warumi hutawala watu huru. Ndani ya sifa ameficha sharti. Hii ndiyo tabia ya barua zake nyingi kwa watawala. Mwaka 593 Maurice alipowakataza askari kuingia utawani, Gregori aliisambaza sheria hiyo kama alivyoamriwa, kisha akamwandikia Kaisari kwamba inapingana na Mungu. Alitii na akalalamika, yote kwa wino uleule. Anayemwita mnafiki hajawahi kufanya kazi chini ya mtu anayeweza kumfunga.

Kwamba kufungwa kuliwezekana tunajua kwa Papa Martino. Mwaka 649 aliwekwa wakfu bila kungoja kibali cha Kaisari, akaitisha sinodi ya Laterani iliyopinga fundisho lililokingwa na amri ya Kaisari Constans II. Juni 653 alikamatwa Roma akiwa mgonjwa, akapelekwa Konstantinopoli kuhukumiwa kama mhaini, kisha akatupwa uhamishoni Kherson, kando ya Bahari Nyeusi. Alifia huko mwaka 655. Barua zake za Kherson ndizo ninazozipenda kuliko zote za zama zile, kwa sababu zinazungumzia njaa. Analalamika kwamba mkate huko husikika kwa jina tu, na kwamba Kanisa la Roma limemsahau. Nalo lilikuwa limekwisha kumchagua Papa mwingine, Eujeni, naye Martino angali hai. Ukiziweka barua hizo kando ya ile ya Gregori, unaona bei ya kila njia. Gregori alilipa kwa maneno. Martino alilipa kwa mwili wake, na watu wa nyumbani wakaendelea na maisha.

Kiswahili kina neno moja, Kaisari, kwa aliyekaa Konstantinopoli na kwa aliyekaa Berlin. Wamisionari Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilien walifika Tosamaganga nyuma ya jeshi la huyo wa pili. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Mwaka 1896 Tom von Prince alikita boma Iringa, na misheni ikaanza wakati Mkwawa angali msituni akiwindwa. Julai 19, 1898 Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Fuvu lililorudishwa Kalenga na Gavana Twining mwaka 1954 liko mwendo mfupi tu kutoka Tosamaganga.

Rungwe, upande wa Mbeya, mpangilio ulikuwa tofauti: Wamoravian na wamisionari wa Berlin walifika mwaka 1891, kabla serikali ya Kijerumani haijajenga kituo chake Langenburg ziwani. Waliishi kwanza kwa ridhaa ya machifu wa Wanyakyusa. Hata hivyo, mwaka 1916 Waingereza walipoingia kutoka Nyasaland, hawakuuliza nani alitangulia nani. Wamisionari Wajerumani waliondolewa, na makanisa yakabaki mikononi mwa walimu Waafrika. Iringa nako Wabenedikto waliondoka, na mwaka 1919 wakaja Wakonsolata kutoka Italia, nchi iliyokuwa upande wa washindi. Kama Roma ya Gregori, misheni ilikaa au kuhama kwa upepo wa dola.

Ndiyo maana sisomi vijitabu vyetu vya jubilei kwa utulivu. Ni jamaa wa ile barua ya mwaka 603. Vinashukuru, vinataja mwaka wa kufika, padre wa kwanza, kanisa la kwanza la matofali. Shukrani hiyo ni ya kweli. Shule na hospitali zilijengwa, na wengi wetu tumesomea humo. Lakini sentensi "wamisionari walifika" haina boma, haina bunduki, haina mtu aliyekuwa akiwindwa mlima wa pili. Ni kimya kilekile cha Gregori juu ya mtoto wake wa ubatizo. Tofauti ni kwamba Gregori alikuwa na Phocas wa kumwogopa. Mwandishi wa leo hana.

Hapo ndipo ukosoaji wangu ulipo. Sidai kijitabu cha parokia kiwe hati ya mashtaka. Wale mapadre walikuwa na hofu, homa na wakubwa wao. Ninachodai ni kidogo: kwenye ukurasa uleule wenye mwaka wa misheni, uandikwe pia mwaka wa boma na mwaka wa kifo cha Mkwawa, na majina ya walimu waliobaki mwaka 1916 yatafutwe kabla wajukuu wao hawajaondoka. Gregori aliziacha barua zake zaidi ya 800 zihifadhiwe Roma, za kupinga na za kusifu pamoja, ile ya Phocas ikiwamo. Kwa sababu hiyo tunaweza kumbishia leo. Kitabu kinachobakiza shukrani peke yake hakimwachii msomaji wa kesho hata nafasi hiyo.